Mikono Dhaifu Mbele ya Ukuta: Namna ya Kuanza Mchezo wa Kukwea

Kukwea ukuta wa ndani ni mchezo unaochezwa ukumbini, juu ya ukuta wa mbao au zege uliofungwa vishikio vya plastiki ngumu vya maumbo mbalimbali. Mkweaji hupanda kwa mikono na miguu akiwa amefungwa kamba kiunoni, au, kwenye ukuta mfupi wa kimo cha mita nne hivi, hupanda bila kamba huku godoro nene likimsubiri chini. Mchezo huu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Tokyo mwaka 2021, na tangu hapo vijana wengi wa Afrika Mashariki wameuona kwenye runinga na kuutamani.

Asili ya ukuta wa namna hii haikuwa ya kifahari. Mwaka 1964 Don Robinson, mhadhiri wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza, alipachika vipande vya mawe katika ukuta wa matofali wa ujia mmoja wa chuo hicho ili wanafunzi wajizoeze bila kungoja hali nzuri ya hewa milimani. Leo kumbi za kukwea zimeenea katika majiji mengi duniani. Nairobi upo ukumbi wa Climb BlueSky. Kijana wa Kagera anayekwenda kusoma au kufanya kazi katika jiji la namna hiyo hukutana na ukuta akiwa mtu mzima tayari. Aliyebaki nyumbani anayo magenge ya mawe ya mchanga yanayousimamia mji wa Bukoba kwa juu, lakini hayo, pamoja na uzuri wake, si mahali pa kujifunzia pasipo mwalimu, kamba na kofia ngumu. Maandalizi ya mwili, hata hivyo, yanaweza kufanyika kibarazani.

Anayetaka kuanza, awe Nairobi au Bukoba, hulalamikia jambo lile lile: mikono. Hawezi kujivuta hata mara moja kwenye boriti, hivyo anajihesabu kuwa hafai. Wahudumu wa afya nao wakiombwa ushauri hukubaliana naye upesi mno. Hukumu hiyo si sahihi. Mikono dhaifu haimzuii mtu kuanza kukwea. Hatari halisi ya anayeanza haimo katika misuli ya mkono wake, bali katika kano za vidole vyake, ambazo kwa kawaida hazitoi onyo la maana mpaka zimeshajeruhiwa.

Miguu ndiyo inayopanda

Vijiji vingi vya Bukoba na Muleba vimekaa juu ya migongo ya vilima, na chemchemi ziko bondeni. Mwanamke anayeshuka alfajiri na kurudi na dumu la lita 20 kichwani anabeba kilo 20 za maji kwenye mteremko ule ule kila siku ya maisha yake. Mapaja yake, makalio yake na misuli inayoshikilia uti wa mgongo vimefanya mazoezi ambayo wanamichezo wengi hulipia. Mikono yake pia inafanya kazi, lakini kazi ya kusukuma, kupalilia na kuinua. Kuvuta mwili kwenda juu si sehemu ya siku yake. Kinyume chake ni mvuvi wa visiwa vya Muleba, kama vile Bumbire au Goziba, anayevuta nyavu za dagaa usiku kucha: mikono na vigasha vyake ni kama kamba za meli.

Wakiwekwa wawili hao mbele ya ukuta wa wima wenye vishikio vikubwa, si ajabu mvuvi akawa wa kwanza kuchoka. Atapanda kwa kile alichonacho, yaani atajivuta, na baada ya njia mbili au tatu vigasha vyake vitakuwa vimejaa na kukaza kama mti. Mwanamke, kwa kuwa hana nguvu ya kujivuta, atalazimika kusimama juu ya miguu yake. Hiyo ndiyo mbinu sahihi, na walimu wa mchezo huu hutumia muda mwingi kuwafundisha wenye nguvu jambo ambalo wasio na nguvu hulifika wenyewe.

Sababu zake ni za kimaumbile. Misuli ya paja ni mikubwa na imezoea kuubeba mwili mzima. Misuli ya kigasha ni midogo, na inapobana kwa nguvu bila kulegea huiminya mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Damu hupita kwa shida, oksijeni hupungua, mabaki ya uchomaji wa sukari hujikusanya, na mkono hushindwa kufumbata hata kishikio kikubwa. Dawa yake ni kulegeza: kushika kwa nguvu inayotosha tu, kunyoosha mkono ili uzito uning'inie kwenye mifupa na mishipi ya viungo badala ya msuli wa mbele wa mkono, kisha kuushusha mkono mmoja chini ya usawa wa moyo na kuutikisa kabla ya hatua inayofuata. Nyonga ziwe karibu na ukuta. Mguu ukanyage kwa ncha ya vidole, si kwa katikati ya wayo, na jicho lisiondoke kwenye mguu mpaka umetua. Anayeanza hutazama juu wakati wote akitafuta pa kushika, na kwa sababu hiyo hupoteza pa kukanyaga.

Watoto wa Kagera wanaopanda miparachichi na mifenesi wanayajua haya bila kufundishwa: huijaribu tawi kwa mguu kabla ya kuiamini, na hukaa karibu na shina. Wanachokosa ni kamba. Kuanguka kutoka mtini ni chanzo kinachojulikana cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali za Afrika Mashariki, na huo ndio mpaka kati ya mchezo unaofundishika na ajali inayosubiri.

Kano haziendi kwa mwendo wa misuli

Ndani ya kidole cha mkono hakuna msuli wa kukikunja. Misuli inayokunja vidole iko kwenye kigasha, nayo huvuta kwa kano ndefu zinazopita katika kifundo cha mkono, kiganja na urefu wote wa kidole. Ili kano isiruke mbali na mfupa kidole kinapokunjwa, imepitishwa katika pete za tishu ngumu, kama pete za fimbo ya ndoana zinavyouzuia mshipi usining'inie hewani. Pete kuu ni tano. Ya pili, iliyo kwenye mfupa wa kidole ulio karibu na kiganja, na ya nne, iliyo kwenye mfupa wa kati, ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, na kwa wakweaji pete ya pili ya kidole cha kati au cha pete ndiyo inayochanika mara nyingi.

Mzigo huo hutegemea namna ya kushika. Mtu akikunja kiungo cha kati cha vidole kwa pembe kali, ncha za vidole zikapinda kwa nyuma na kidole gumba kikazifunga kwa juu, anapata nguvu kubwa kwenye ukingo mwembamba, lakini kano inasukuma pete kwa nguvu inayozidi mara kadhaa ile inayoonekana kwenye ncha ya kidole. Akishika kwa mkono ulio wazi, vidole vikiwa vimenyooka kiasi kama anayeshika mpini wa jembe kwa ulegevu, mzigo kwenye pete hupungua sana. Anayeanza ajizuie na mshiko wa kwanza kwa mwaka mzima, ikiwezekana.

Nguvu ya mtu anayeanza mazoezi huongezeka haraka katika wiki nne hadi nane za mwanzo, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutoka kwenye neva zinazojifunza kuwasha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja. Msuli wenyewe hunenepa baadaye. Kano na pete zake hupata damu kidogo na hujijenga upya polepole, kwa miezi na si kwa wiki. Kwa hiyo hufika wakati, mara nyingi baada ya miezi michache, ambapo msuli una nguvu ambayo kidole hakijawa tayari kuibeba. Mkweaji anajisikia vizuri kuliko wakati wowote, anafurahia maendeleo yake, anaongeza siku ya tatu na ya nne katika wiki. Hapo ndipo hujeruhiwa. Aliyeanza na mikono dhaifu ana faida fulani ya kusikitisha hapa: udhaifu wake unampa kidole muda. Asinyang'anywe faida hiyo kwa kupewa ubao wa kuning'inia kwa vidole katika mwezi wa kwanza.

Kwa vijana ambao bado wanakua kuna jambo la nyongeza. Sehemu ya ukuaji wa mfupa, hasa kwenye mfupa wa kati wa kidole cha kati, ni laini kuliko pete, na huvunjika kwa msongo wa kurudiarudia. Kijana wa kidato cha pili mwenye maumivu mgongoni mwa kiungo cha kati cha kidole, ambaye amekuwa akikwea kwa miezi kadhaa, apigwe picha ya mionzi na apumzishwe kabisa mpaka mfupa upone, hata kama hakumbuki kuumia.

Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa

Udhaifu wa mikono ni taarifa ya kitabibu, na mhudumu anayeusikia angeukosea mgonjwa kama angemjibu tu kwamba afanye mazoezi mepesi. Utafiti mkubwa wa PURE, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015 na kuhusisha watu wapatao 140,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba kila upungufu wa kilo 5 katika nguvu ya kufumbata uliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa kwa sababu yoyote. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2019 waliweka kiwango cha kushuku upungufu wa misuli kuwa chini ya kilo 27 kwa mwanamume na chini ya kilo 16 kwa mwanamke. Penye kipimo cha dainamomita, kitumike. Pasipokuwepo, mgonjwa asimame na kukaa kwenye kiti mara tano bila kujishika. Akizidi sekunde 15, udhaifu hauko mikononi peke yake.

Kagera ina sababu yake ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitoka mkoa huu mwaka 1983. Tangu dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, watu ambao wangekufa wamezeeka, nao sasa wako katika umri wa kuulizia mazoezi. Wengi wao walianza na dawa iliyokuwa na stavudine, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iondolewe hatua kwa hatua mwaka 2009. Stavudine iliyeyusha mafuta chini ya ngozi ya mashavu, mikono na miguu, na kwa wengine ilijeruhi neva za nyayo. Mkono wa mtu huyo unaonekana mwembamba, mishipa imetokeza, na majirani bado humtazama kwa jicho la zamani. Mkono mwembamba si lazima uwe dhaifu. Upimwe, usitazamwe tu.

Achukuliwe, kwa mfano wa kufikirika, mwalimu wa shule ya msingi wa Muleba mwenye miaka 52, anayetumia dawa tangu 2006, ambaye mwanawe aliye Nairobi amemwalika ukutani. Daktari akimkataza kwa sababu ya VVU atakuwa amekosea, kwa kuwa mazoezi ya nguvu yameonyeshwa kuongeza nguvu na misuli kwa watu wanaoishi na VVU walio katika hali tulivu. Yanayopaswa kuangaliwa ni mengine. Nyayo zake zipimwe kwa uzi wa gramu 10 na uma wa sauti wa 128 Hz, kwa kuwa asiyehisi anakokanyaga hawezi kuutegemea mguu, na viatu vya kukwea huvaliwa vikiwa vimebana. Aliyepoteza hisia, kama ilivyo kwa mgonjwa wa kisukari, anaweza kutoka na kidonda asichokijua. Achague kiatu kisichobana na akague miguu kila anapokivua. Mifupa yake ikumbukwe pia: tenofovir hupunguza kidogo madini ya mfupa, hasa katika mwaka wa kwanza au miwili ya matumizi, na ukomo wa hedhi huongeza upungufu huo. Kwa mtu kama huyu kamba inayotoka juu ni bora kuliko ukuta mfupi wa kuruka godoroni, ambako kila jaribio linaloshindikana ni anguko.

Shinikizo la damu ni hoja nyingine. Kubana msuli bila kuulegeza huinua shinikizo la juu na la chini kwa pamoja, na mtu akiziba pumzi wakati huo hulipandisha zaidi. Aliye na 180/110 au zaidi atibiwe kwanza. Aliyedhibitiwa aanze, akifundishwa kutoa pumzi kila anapokaza nguvu. Mwenzake aliye chini na amsikie akipumua. Mgonjwa wa kifafa kisichodhibitiwa asipande juu wala asimshikie mwingine kamba. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha, mapumziko marefu na uchunguzi wa nyonga na bega, ambako mfupa huweza kufa kwa kukosa damu. Mjamzito asichukue mchezo wenye hatari ya kuanguka kama jambo jipya. Aliyewahi kuteguka bega aonane kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia.

Wiki kumi na mbili kibarazani

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, juu ya dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Kwa mtu wa kijijini anayelima na kuteka maji dakika hizo zimeshatimia. Kilichobaki ni zile siku mbili, zikitenganishwa na angalau siku moja ya mapumziko.

Katika wiki nne za mwanzo mtu husimama hatua moja kutoka ukutani, akaweka viganja kwa usawa wa kifua, akainama kuelekea ukuta na kujisukuma kurudi, mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu. Kisha hufunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye nguzo imara na kukivuta kuelekea mbavuni, akianza kwa kurudisha makombe ya mabega nyuma na chini kabla viwiko havijakunjwa. Hilo la makombe ndilo la muhimu. Bega linalovuta huku kombe limepanda sikioni hujisaga lenyewe, na wengi wanaolalamika mikono ni dhaifu wana tatizo hasa la misuli inayoshikilia kombe. Mwisho hubeba madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, na kutembea hatua 40 polepole. Ni zoezi la kufumbata lisilomjeruhi mtu, tena halihitaji kununua chochote.

Kuanzia wiki ya tano mpaka ya nane sukumo hufanyika kwenye benchi, madumu huwa ya lita 10, na boriti huingia. Boriti ijaribiwe kwanza na mtu mzito kuliko anayefanya zoezi. Anayeanza huishika kwa mikono miwili huku miguu ikibaki juu ya kigoda ikibeba sehemu ya uzito, hushusha makombe ya mabega bila kukunja viwiko, hukaa hivyo sekunde 10, hupumzika dakika moja, hurudia mara tano. Katika wiki nne za mwisho hupanda kigodani mpaka kidevu kiwe juu ya boriti, kisha hujishusha kwa sekunde tano. Msuli unaorefuka chini ya mzigo huhimili uzito ambao hauwezi kuuinua, kwa hiyo asiyeweza kujivuta hata mara moja anaweza kujishusha mara tatu. Mara tano zinatosha. Zikizidi, siku mbili zinazofuata hataweza kuchana nywele.

Vidole vyenyewe visahauliwe kwa sasa, isipokuwa kwa upande wa kuvifungua: kuvisha kamba ya mpira kuzunguka vidole vitano na kuvitanua, au kuuzamisha mkono katika ndoo ya mchanga wa ziwani na kuufungua ndani yake. Wakweaji hufumba mkono maelfu ya mara na karibu hawaufungui kwa nguvu kamwe, na kiwiko hulipa deni hilo.

Maumivu ya misuli yanayoanza kesho yake na kuisha ndani ya siku tatu ni ya kawaida. Maumivu ya kiungo, maumivu yanayoamsha usiku, au ganzi ya vidole si ya kawaida, na zoezi lisimame.

Misuli haijengwi kwa ndizi peke yake. Ebitoke ni wanga mzuri wenye protini kidogo mno, na mlo wa ndizi bila kitoweo haumtoshi anayejenga mikono akiwa na miaka hamsini. Mtu mzima aliyeanza kuzeeka anahitaji takriban gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60. Maharage yanayopikwa pamoja na ndizi, dagaa, mayai, maziwa, na senene msimu wake ukifika (hapa Mhaya hahitaji kushawishiwa) vinaweza kukifikisha kiasi hicho bila unga wowote wa kopo.

Siku ya kwanza ukutani

Mtu aombe kamba inayotoka juu na ukuta wa wima au uliolala kidogo. Ukuta unaoinama kuelekea kwa mkweaji ni kazi ya mikono na hautakuwa rafiki yake kwa muda mrefu. Mkanda wa usalama ukae juu ya mifupa ya nyonga na usiweze kuteremka. Kamba ifungwe kwa fundo la nane, na kabla ya kila njia mkweaji na mshika kamba wakaguane kwa macho na kwa mikono: fundo, mkanda, kifaa cha kushikia. Ukaguzi huu haufanywi mara moja asubuhi tu. Hurudiwa kila mara, hata mbele ya mjomba mwenye uzoefu wa miaka ishirini.

Njia nne hadi sita rahisi katika saa moja zinatosha, na kati ya moja na nyingine apumzike mpaka kigasha kiwe laini tena kikibonyezwa. Aache akiwa bado ana nguvu ya njia mbili, kwa sababu mguu huanza kuteleza na kidole kubeba uzito wa ghafla mkono ukishachoka. Baada ya hapo, mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, si zaidi. Anayeshawishiwa kujaribu ukuta mfupi ajifunze kwanza kuanguka: magoti yakunjike, atue kwa miguu yote miwili, ajiviringishe mgongoni, mikono ikiwa imekumbatia kifua. Mkono ulionyooshwa nyuma kupokea mwili huvunjika kifundo au huteguka kiwiko.

Kidole kikilia

Mgonjwa husimulia karibu kwa maneno yale yale: mguu uliteleza, mkono ulibaki, kidole kikalia kama kijiti kinachovunjwa. Akifika zahanati au kituo cha afya, mhudumu abonyeze upande wa kiganja wa mfupa wa kwanza wa kidole. Maumivu mahali hapo pamoja na uvimbe huashiria pete ya pili. Kisha amwambie akunje kidole akizuiwa kidogo. Kano ikijitokeza chini ya ngozi kama uzi wa upinde, pete zaidi ya moja huenda zimekatika. Na amtake akunje kiungo cha mwisho peke yake huku cha kati kimeshikwa. Asipoweza, tatizo si pete bali kano yenyewe imeng'oka, na mgonjwa huyo apelekwe kwa mpasuaji ndani ya siku chache, kwani kano hujikunja kuelekea kiganjani na baada ya wiki moja au mbili kuirudisha huwa vigumu.

Kwa jeraha la pete, Rubya, Ndolage au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Bukoba ndiyo hatua inayofuata kwa picha ya mionzi, ili kuhakikisha mfupa haukuvunjika. Penye ultrasaundi, umbali unaozidi milimita 2 kati ya kano na mfupa kidole kikikazwa huonyesha kwamba pete imekatika. Pete zaidi ya moja zikikatika, mgonjwa apewe rufaa ya kanda, Bugando, Mwanza. Pete moja hupona bila upasuaji: kidole hutulizwa siku 10 hadi 14, kisha huvalishwa pete ya nje ya plastiki au utepe mgumu unaobana mahali pa jeraha kwa wiki sita hadi nane, huku kikikunjwa na kunyooshwa bila mzigo kila siku ili kisikauke.

Yapo mambo mawili ambayo yasifanyike. La kwanza ni kumdunga sindano ya steroidi kidoleni ili arudi mchezoni mapema. Dawa hiyo hupunguza maumivu na kuidhoofisha kano ile ile inayohitajiwa. La pili ni kumpa diklofenaki ya wiki mbili bila maelekezo mengine. Maumivu yakizimwa, mgonjwa atapanda, na pete iliyochanika nusu itamalizika.

Aliyechanika kidogo hurudi ukutani baada ya wiki sita hivi. Aliyekatika pete nzima, baada ya miezi mitatu. Kote kuwili anarudi kwenye kamba inayotoka juu, vishikio vikubwa na mkono ulio wazi, akiwa amefunga kidole utepe, na anahesabu siku mbili kwa wiki kama siku ile ya kwanza.